Mgeni wa Suneka, Obokano Ataisikiliza Wapi?

Suneka si mji wa watalii. Ukitoka Kisii kwa barabara kuu iendayo Migori na mpaka wa Isebania, huchukui nusu saa kufika, ila ikiwa matatu inasimama kwa kila mama mwenye mkungu wa ndizi. Kuna soko, kuna maduka pande mbili za njia, kuna kiwanja kidogo cha ndege, na kuna vilima vya kijani ambavyo sisi watu wa pwani, tuliozoea kuona bahari ikikutana na mbingu, huviona kama vimetubana. Jioni baridi hushuka, na mvua ya huko haina miadi. Mgeni akiuliza, "Ngoma ya wenyeji huchezwa wapi?" huenda watu watatu wakamwonyesha pande tatu, na kila mmoja akawa mkweli.

Nilikwenda huko Disemba ya mwaka 2024 kwa shughuli nyingine kabisa. Jamaa yangu wa Mombasa mwenye duka la vinyago aliniomba nimfuatie mzigo wa mawe ya Tabaka, yale mawe laini ambayo Wagusii huyachonga wakapata bakuli, vikombe na sanamu, na ambayo yamejaa katika maduka ya pwani bila ya wanunuzi wengi kujua yatokako. Mzigo ukachelewa siku mbili. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mpole wa maneno machache. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ni mtu wa mashairi. Sitaki kuondoka huku bila ya obokano."

"Obokano ziko, Mzee," akanijibu. "Lakini unataka kuiona, ama unataka kuisikia?"

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa makala haya.

KINUBI CHA NYUZI NANE

Kwa wasomaji wetu ambao hawajaiona: obokano ni kinubi. Chini kuna bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Kwenye bakuli hilo hutoka mikono miwili ya mti, nayo huunganishwa kwa juu na mti wa kukingama. Nyuzi nane hupanda kutoka kwenye bakuli hadi kwenye mti huo. Zamani nyuzi zilikuwa kano za mnyama. Siku hizi aghalabu ni nailoni, uzi ule ule wanaovulia samaki vijana wetu. Mpigaji huketi juu ya kigoda, chombo kikawa ubavuni mwake, akakitia vidole vya mikono miwili huku akiimba.

Ndugu yake wa karibu ni nyatiti ya Waluo, nayo ina nyuzi nane, na kwa kuwa Suneka iko jirani na nchi ya Waluo wageni wengi huzichanganya. Usizichanganye mbele ya Mgusii. Obokano ni kubwa zaidi, na sauti yake ni nzito, ya kuvuma, mithili ya nyuki walioamshwa ndani ya mzinga. Mtu aliyekulia katika udi na kanuni hushtuka kidogo anapoisikia mara ya kwanza, kwani udi hulia mbele yako, ama obokano hulia chini ya kiti ulichokalia.

Lakini ala ni nusu tu ya habari. Mpiga obokano ni msemaji wa watu. Husifu, hulaumu, hukumbusha nani alizaliwa na nani, nani alitoka kwenda kibaruani akarudi na nini, nani alikopa ng'ombe na hakumrudisha. Kwa lugha yetu ya pwani tungesema kwamba malenga na mwenye ala wamekuwa mtu mmoja. Na mambo yote hayo husemwa kwa Ekegusii, lugha ya watu waliozidi 2,700,000 katika sensa ya mwaka 2019, ambayo mimi na wewe, ndugu msomaji, hatuijui. Hapo ndipo lilipo tatizo la mgeni. Akiwa hafahamu maneno, basi hana budi kuketi karibu na watu wanaoyafahamu, aone yanawafanya nini. Akiketi na wageni wenziwe watupu, atarudi nyumbani na picha ya mtu na kinubi.

MAHALI PATATU

Pa kwanza palikuwa hoteli moja mjini Kisii. Nilikwenda usiku wa kwanza, baada ya kuswali Isha. Mji wa Kisii una Waislamu wake wa tangu enzi za ukoloni, wakiwamo Wanubi, na Kiswahili chao ni chepesi masikioni mwetu, hivyo mtu wa pwani hapotei. Hotelini walitoka vijana sita wa fulana za rangi moja na mpigaji mmoja. Dakika ishirini, nyimbo nne, kisha makofi. Walicheza kwa bidii na sina la kuwalaumu. Wageni walikuwa watu wa semina, wakila kuku na kutazama simu zao. Mpigaji akawaimbia kifungu cha Kiswahili cha kuwakaribisha, kisha akarudi kwenye Ekegusii, na katika ukumbi mzima sikuona uso uliobadilika kwa neno lolote alilolisema. Wahudumu tu, waliosimama mlangoni na sinia, walikuwa wakichekeana. Wao ndio waliokuwa hadhira, na hawakuwa na nafasi ya kuketi.

Pa pili ni Suneka kwenyewe, katika kilabu kimoja karibu na soko. Humo obokano imefungwa kipaza sauti na nyimbo ni za mambo ya leo: siasa za kaunti, bei ya mbolea, wanawake wa mjini. Si ajabu, kwani muziki wa Kigusii haukungoja ruhusa ya mtu kubadilika. Marehemu Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, aliupeleka kwenye gitaa na Wagusii wakamfuata. Kilabuni watu huelewa kila neno, hucheka, humjibu mpigaji, humkatiza. Kwa kipimo cha usikizi, pahali hapo pameishinda hoteli mara kumi. Ila ni pahali pa pombe. Sikuingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara na Mwalimu, tukanunua mahindi ya kuchoma, na ile sauti nzito ikatufikia juu ya pikipiki na honi. Sitaki kuufungua hapa mjadala wa wanazuoni juu ya ala za nyuzi, kwani kila msomaji anajua alivyofundishwa na mwalimu wake. Lakini meza ya ulevi haina mjadala, na msafiri Mwislamu katika bara hili itambidi alipime hilo kabla ya kupima uzuri wa muziki.

Baadhi ya wasomaji watauliza: taabu yote hii ya nini, na Nairobi kuna Bomas of Kenya? Swali ni la haki. Bomas ilianzishwa na serikali mwaka 1971 huko Lang'ata, na kwa miaka mingi wachezaji wake wa Harambee Dancers walijifunza ngoma za makabila mengi na kuzicheza moja baada ya nyingine katika ukumbi wa duara wenye viti elfu kadhaa. Ukiwa na watoto, ukitaka kujua saa ya kuanza na saa ya kumaliza, ukitaka pa kuegesha gari na pa kununua soda, pahali kama hapo pana faida yake, na mimi sitamcheka anayepakwenda. Nauona kama ukurasa wa mwanzo wa kitabu, ule unaokwambia ndani mna nini. Lakini wengi wa Wakenya wa leo walikuja kuijua Bomas kwa kura kuliko kwa ngoma, maana matokeo ya urais ya mwaka 2013, 2017 na 2022 yalijumlishwa humo. Na mwaka 2025 ujenzi wa kituo kikubwa cha mikutano ulianza mahali hapo. Basi anayekusudia kwenda kwa ajili ya ngoma na apige simu kwanza.

SISI NA TAARABU YETU

Watu wa pwani hatuna haki ya kujifanya hatulijui jambo hili, maana tumeishi nalo. Mtalii akifika Unguja huulizia taarabu, na hotelini hupewa waimbaji wawili, udi, na ngoma moja, kando ya bwawa la kuogelea, ilhali samaki wa kukaanga anapita. Wenyewe hulalamika: hiyo si taarabu. Taarabu ni Ikhwani Safaa, chama kilichoanza mwaka 1905, ni Culture Musical Club ya tangu 1958, ni vinanda na fidla zikiitikiana, na ni wanawake wa mtaa wanaojua ule wimbo umemlenga nani. Mwanamke akiinuka na noti yake akaenda kumtunza mwimbaji kwenye ubeti fulani, ukumbi mzima hugeuka kutazama nani amenuna. Ule utunzaji ni jawabu. Mtalii hutunza pia siku hizi, kwa ukarimu, lakini noti yake haijibu kitu.

Na bado lazima tuseme ukweli wote. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limewafikishia wasanii wetu masikio ya dunia, na marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizunguka nchi nyingi akiimba mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, nao wakamtukuza. Jukwaa la wageni lilimpa jina ambalo uani pekee pasingempa. Kwa hiyo sisemi kwamba jukwaa la wageni ni uwongo. Nasema ni kazi nyingine. Msanii anapowaimbia wasiojua lugha, huikaza sauti na mwili. Anapowaimbia wanaojua, huweza kulegeza sauti akaliacha neno moja liende likafanye kazi peke yake. Msafiri aliyekuja mbali kote huko angalau ajue ni ipi kati ya kazi hizo mbili aliyolipia.

Ajabu ni kwamba sisi sisi tunaolalama juu ya taarabu ya hotelini, tukipanda kwenda bara huridhika na obokano ya hotelini. Twakaa pale na kuku wetu, twapiga makofi, twarudi Mombasa tukasema tumeiona ngoma ya Wakisii.

SIKU YA BABA YENU

Pa tatu palikuwa nyumbani kwa watu, mwendo wa kiasi cha saa nzima kwa miguu kutoka sokoni. Mwalimu alikuwa amealikwa na akaniombea ruhusa mapema, jambo ambalo nitalirejea. Mzee wa boma lile alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watoto wake walikuwa wamekuja kutoka Nairobi na Nakuru kuukamilisha ukumbusho wake. Siku ilikuwa Jumapili, na kwa makusudi, kwa sababu nyumba ile ni ya Waadventista Wasabato, kama zilivyo nyumba nyingi za Wagusii, na Jumamosi yao haiguswi.

Mgeni Mwislamu asidhani kwamba nyumba ya Wasabato ni ya ugeni sana kwake. Pombe hakuna, nguruwe hakuna. Ng'ombe alichinjwa na Mwislamu aliyeletwa kutoka mjini, kwa kuwa miongoni mwa wakwe walikuwamo Waislamu. Nilikula kwa raha, na chai ya maziwa ilikuwa haikatiki. Ila kulikuwa na ugomvi wa chini chini ambao Mwalimu alinieleza tulipokuwa njiani. Mtoto mkubwa wa marehemu, naye ni mzee wa kanisa, hakutaka obokano iingie katika boma la baba yake. Kwa madhehebu yake ile ni ala ya vilabuni na ya mambo ya kale. Mama yao akakataa. Marehemu aliipenda obokano kabla hajabatizwa na baada ya kubatizwa, akasema, na yeye aliolewa kwa obokano. Ikiwa obokano haiji, basi na huyo ng'ombe asichinjwe. Nilipoyasikia hayo niliona kama nipo Mji wa Kale, nikisikiza watu wakigombana juu ya ala katika harusi ya mtoto wa shehe.

Mpigaji alikuja kwa bodaboda, obokano imefungwa nyuma yake kama mbuzi wa mnadani. Alikuwa omogaka wa miaka sabini na kitu, koti la suti, viatu vya mvua. Akaiweka obokano juani kwanza, ngozi ipate joto, akanywa chai, akasalimiana na kila mtu hadi watoto. Zilipita kama dakika arubaini kabla hajaupiga uzi hata mmoja. Hotelini katika muda huo wangekuwa wamemaliza na kuondoka.

Alipoanza, Mwalimu aliniegemea akawa ananitafsiria sikioni. Wimbo wa kwanza peke yake ulizidi nusu saa. Alimtaja marehemu kwa jina la babu yake, akataja majani ya chai ya Kericho aliyoyachuma ujanani, akataja fahali aliyeuzwa kumsomesha mtoto mkubwa, yule yule mzee wa kanisa, akamtaja fahali kwa jina lake. Wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya fahali. Kisha akataja deni ambalo jirani mmoja alikuwa hajalilipa, na jirani mwenyewe alikuwa ameketi pale pale. Watu wakacheka, naye akainua mkono kama anayesema nimesikia. Mimi sikufahamu hata silabi, na nilikuwa nafahamu kila kitu, kwa sababu nyuso zilikuwa zikiniambia kabla ya Mwalimu.

Mara mpigaji akaiona kofia yangu ya vito. Nikasikia "Mombasa" katika wimbo, halafu tena "Mombasa", na wazee wawili wakageuka kunitazama, au tuseme kuutazama mfuko wangu. Sauti ya mpigaji ikachangamka, na vidole vikaongeza mwendo. Nikaujua ule mwendo: ni ule wa hotelini. Hapo yule mama, omong'ina mwenye leso ya manjano, akagonga chini kwa fimbo yake mara moja na akasema maneno machache.

"Anasema nini?" nikamwuliza Mwalimu.

"Anasema mgeni atasifiwa kesho. Leo ni siku ya baba yenu."

Mpigaji akacheka, akainamisha kichwa kwangu kwa adabu, na nyuzi zikarudi kwenye ule mwendo mzito. Sikuona haya, na wala sikukusudiwa kuona haya. Mchango wangu ulikuwa umekwishapita mkononi mwa mwenye nyumba tangu asubuhi, kama Mwalimu alivyonielekeza, na mpigaji alikuwa na ujira wake waliokubaliana na familia. Kwa hiyo hapakuwa na noti ya kuuvuta wimbo upande wangu. Ningekuwa nimeketi mbele na pochi wazi, yule mama angegonga fimbo mara ngapi?

Mzee wa kanisa alisimama mlangoni muda wote, mikono kifuani. Hakucheza, hakupiga makofi. Lakini kuna mahali mpigaji aliita jina moja la sifa la marehemu, na ada ni kwamba mtoto huitika. Pakawa kimya. Akaliita tena. Kutoka mlangoni ikaja sauti moja fupi ya kuitika, na yule mama hakugeuka kutazama imetoka kwa nani.

TANGO NA MEZA ZA WATALII

Jambo hili si letu peke yetu. Nchi ambayo wasafiri wake husumbuka zaidi kwa swali la wapi pa kutazama ni Ajentina, kwa sababu ya tango. Ngoma hiyo ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika bandari za Buenos Aires na Montevideo, katika vichochoro vya wahamiaji wa Ulaya, mabaharia, na watu weusi waliokuwa wazao wa watumwa kutoka Afrika, ambao ngoma yao ya kandombe imo katika mizizi yake. Chombo kinachoiliza zaidi, bandoneoni, kiliundwa Ujerumani. Watu wa bandari wasomao ukurasa huu hawatashangaa: taarabu nayo ilikusanywa gatini, Misri kidogo, Bara Hindi kidogo, Afrika nyingi. Mwaka 2009 UNESCO iliiandika tango katika orodha yake ya urithi wa wanadamu kwa ombi la Ajentina na Uruguay kwa pamoja.

Basi mgeni akifika Buenos Aires hukuta milango miwili. Mmoja ni wa maonyesho: chakula cha usiku, divai, jukwaa, wachezaji mahodari wanaorusha miguu hewani, na basi linalokuchukua hotelini na kukurudisha. Mwingine ni wa milonga, yaani mikusanyiko ambayo wenyeji huenda kucheza wenyewe, wazee kwa vijana, wengine kila wiki kwa miaka arubaini. Huko hakuna jukwaa. Muziki huja kwa mafungu ya nyimbo tatu au nne, kisha huwekwa kipande kifupi cha muziki mwingine ili watu waachane na kurudi vitini. Mwanamume hamwendei mwanamke akamshika mkono. Humtazama kutoka mbali, na akimkubali kwa kichwa ndipo huinuka. Asipomkubali, hakuna aliyeaibika, kwa kuwa hakuna aliyejua. Mgeni asiyejua kucheza huketi kando, hanyooshi miguu penye njia ya wachezaji, na haweki kamera machoni mwa watu.

Hayo ya wanaume na wanawake kukumbatiana si mila yetu, na sikuyataja ili tuyaige. Nimeyataja kwa sababu ya ile adabu ya kutazama. Mwenye kwenda kwenye maonyesho ya chakula huona tango bora kwa miguu, kwani wale wa jukwaani hufanya yasiyoweza kufanywa na babu wa milonga. Mwenye kwenda milonga huona watu wa mji ule walivyo. Wako wanaokwenda kote kuwili, usiku mmoja huku na usiku mmoja kule, nao nawaona ndio wenye akili, ikiwa mfuko unawaruhusu.

YASIYO NA KITI CHA MTAZAMAJI

Kuna mengine Ugusiini ambayo mgeni asiyatafute kabisa. Disemba ni mwezi wa jando, na usiku huenda ukasikia makundi ya vijana wakiimba Esimbore, wimbo wa wavulana waliotoka kutahiriwa. Maneno yake ni makali na yana siku yake na watu wake. Mtu anayekuja kukwambia atakupeleka uone kwa malipo, mkatae. Sisi tuna unyago wetu, na twajua kuwa nyimbo za unyago zilizopanda jukwaani ni zile ambazo wenyewe waliamua zipande. Zilizobaki ndani ya nyumba zimebaki. Ama tohara ya wasichana, hiyo imekatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011, na haina cha kutazamwa wala cha kusifiwa.

Misiba nayo ni mlango mgumu. Mara nyingi obokano husikika penye kumbukumbu za wafu, na mgeni huenda akashawishika kufuata sauti tu. Asiende bila ya mtu wa nyumba ile. Niliahidi kurejea jambo la ruhusa: Mwalimu alimwendea yule mama mwenyewe siku moja kabla, hakwenda kwa watoto wake wenye magari, akamweleza kuwa ana mgeni kutoka pwani, mtu mzima, hana kamera. Mama akauliza kama huyo mgeni amefiwa na wazazi wake. Akaambiwa ndiyo, wote wawili. Akasema basi na aje.

Kwa msomaji anayekusudia safari hiyo, machache ya matumizi. Kutoka Nairobi hadi Kisii kwa njia ya Narok ni zaidi ya kilomita 300, na mabasi ni mengi. Disemba na mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, ndipo familia hukusanyika na shughuli huwa nyingi, kwa hiyo ndipo penye obokano za nyumbani. Jumamosi katika nyumba za Wasabato usitarajie kitu. Jifunze kusema "bwakire" asubuhi na "bwairire" jioni. Watakucheka na watakupenda. Kabla ya kwenda popote uliza mambo mawili bila haya: kama kutakuwa na pombe, na nani amechinja. Mchango wako mpe mwenye nyumba kabla wimbo haujaanza. Keti nyuma, karibu na mtu wa kukutafsiria, na chukua koti zito, kwa sababu wimbo mmoja unaweza kukuvusha Magharibi, na baridi ya Suneka haijui kama wewe ni mtu wa Mombasa.